Darasa langu limenyamaza, na nahisi mimi ndiye niliyelinyamazisha

Shikamoo Shangazi,

Safu yako huwa nawasomea walimu wenzangu ofisini wakati wa chai. Leo nakuandikia mimi mwenyewe, na nakuomba usitaje jina langu wala la shule.

Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, mwaka wa sita kazini. Nafundisha Darasa la Nne. Nina watoto 87 katika mkondo mmoja, wanakaa wanne wanne kwenye dawati, na wa nyuma kabisa wameegemea ukuta. Sijawahi kuichukia kazi hii.

Mwezi wa pili nilikuwa nafundisha mzunguko wa maji. Nimechora ubaoni jua, wingu, mvua na mto unaoingia baharini. Mtoto mmoja, baba yake ni mvuvi, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, maji yakipwa yanakwenda wapi?"

Shangazi, sikujua. Nimezaliwa Tanga, bahari naiona kila siku, na sikujua. Dakika za kipindi zilikuwa zimebaki chache na nusu ya ubao bado. Nikamjibu, "Hilo halipo kwenye mtihani. Kaa chini." Darasa zima likacheka. Mapumziko hayajaisha, wenzake wameshampa jina. Mpaka leo wanamwita Kupwa.

Tangu siku ile hajanyoosha mkono tena. Kinachoninyima usingizi ni kwamba na wengine wameacha. Nikiuliza "Mmeelewa?" wanaitikia kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu!" Nikiuliza "Nani ana swali?" naona macho 174 yakitazama madawati.

Nimejaribu kurekebisha. Nilitoboa boksi la biskuti, nikaliandika MASWALI YETU na kuliweka mezani, nikawaambia waandike chochote bila jina. Baada ya wiki nilikuta karatasi tatu. Moja haina kitu, moja imechorwa mpira, ya tatu imeandikwa: "Mwalimu naomba unihamishe dawati." Siku nyingine nilileta makombe ya baharini na konokono hai kwenye ndoo, wakae kwa makundi watazame. Zikatoka kelele, watu wakapanda juu ya madawati. Mwalimu wa taaluma aliniita pembeni akaniambia darasa langu linasikika mpaka ofisini, na kwamba upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne uko karibu. Kesho yake akaja mzazi na daftari mkononi: "Mwanangu jana hajaandika hata mstari mmoja. Mlifanya nini?"

Mama yangu naye, nilipomweleza, alisema zamani mtoto anayewahojihoji wakubwa aliitwa mjuaji, na haikuwa sifa.

Nina binti wa miaka mitano. Nyumbani anauliza kuanzia alfajiri. Kwa nini jogoo anafumba macho akiwika, kwa nini mwezi unatufuata. Namtazama nawaza, huyu naye akifika darasa kama langu, atanyamaza?

Shangazi, nirudi kwenye kunakilisha ubaoni, mtihani upite? Niombe kuhama shule? Au kuna namna ya kuwarudishia watoto hawa hamu ya kujua? Na yule mtoto nimfanye nini?

Mwalimu wa Darasa la Nne, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevua miwani, kwa sababu pale uliposema "sikujua" nilijiona mimi. Nilishika chaki miaka mingi kabla sijashika kalamu ya safu hii, na jibu la "halipo kwenye mtihani" nimelitoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Basi tuzungumze kama walimu wawili.

Nikikuelewa vizuri, una mizigo mitatu iliyofungwa kamba moja: mtoto uliyemkatiza, darasa lililonyamaza, na wakubwa wanaotaka utulivu na alama. Unaamini wa kwanza ndio uliozaa wa pili. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Hivi kweli sentensi moja ya mwezi wa pili inaweza kunyamazisha watoto 87? Fikiria walikopitia kabla ya kufika kwako. Tangu darasa la awali wameambiwa "vidole mdomoni". Mwalimu akitoka, monita anaandika ubaoni majina ya wapiga kelele, na anayeandikwa anajua kitakachomkuta. "Mmeelewa?" wameshajifunza kuwa ina jibu moja tu. Hawa ni watoto waliosomea kunyamaza kwa miaka minne na wakafaulu vizuri. Sentensi yako iliwakumbusha somo walilokuwa wanalijua. Sisemi hivi ili kukufuta machozi. Nasema kwa sababu ukijibebesha kosa lote utatafuta dawa ya siku moja, na ikishindwa utakata tamaa, kama ulivyokatishwa tamaa na lile boksi.

Tuliangalie boksi lenyewe. Uliwaambia waandike bila jina. Lakini wewe ndiye unayesahihisha madaftari yao kila siku, mwandiko wa kila mtoto unaujua, na wao wanajua kwamba unaujua. Halafu kuandika swali ni kazi kubwa kwa mtoto ambaye bado anahangaika kutenganisha "l" na "r". Mimi ile karatasi ya kuhamishwa dawati imenipa moyo. Kuna mtoto mmoja aliyeamini kwamba boksi linasomwa.

Na udadisi, je, umekufa? Toka nje saa ya mapumziko ukasimame chini ya mti bila kusema neno. Mmoja atakuwa ameshika mjusi, na wengine wanabishana kama mkia uliokatika unaota tena. Mtoto hauachi mdomo wake nyumbani. Anaufunga mlangoni mwa darasa.

Sasa nikupe kisa cha mkoani kwetu. Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kawaida yao ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kusubiri yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, naye akayaingiza ya kwake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa baridi. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akakuta wauza aiskrimu wa hapa Tanga mjini wanalijua jambo hilo na kulitumia kazini. Alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na darasa likalidaka neno. Kila alipokosea chochote wakamtania hivyo hivyo. Huoni inavyofanana na hiyo "Kupwa"? Akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, kijana akauliza kwa mara nyingine mbele ya wenzake, wakamcheka. Osborne hakuwa na jibu. Aliahidi kwenda kujaribu, akajaribu kweli, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja katika jarida la kisayansi. Mpaka leo wanasayansi wanabishana ni lini jambo hilo hutokea na kwa sababu gani, na wapo wanaotilia shaka kama hutokea kweli. Jina la Mpemba limebaki humo.

Usikielewe vibaya kisa hiki. Si kila mtoto atauliza mara ya tatu baada ya kuchekwa mara mbili, na wengi hawaulizi tena kabisa. Ninachotaka ukione ni yule mgeni. Alikuwa msomi wa chuo kikuu, hakujua, na hakuona aibu kusema nitajaribu.

Maana barua yako yote, mwanangu, nimeona imeegemea kwenye neno hilo "sikujua". Hukumkatiza mtoto kwa ukali wa moyo. Ulijiona umevuliwa nguo mbele ya watoto 87. Tumelelewa kuamini mwalimu ni kisima, na kisima kikikauka watu huhama. Lakini hebu kumbuka tulivyokuwa tukicheza jioni barazani. Mtu anasema "Kitendawili!" Wengine "Tega!" Anatega. Mnajaribu, mnakosa, hata babu anakosa. Kisha? "Nipeni mji!" Babu anatoa mji, mtoto wa miaka saba anatembea Mombasa yote, anakula na kulala huko, ndipo afumbue. Nani aliwahi kumdharau babu kwa kutoa mji? Kwetu kutojua kuna adabu yake, na aliyeshindwa anamheshimu aliyetega. Tumeuacha mchezo huu barazani, darasani hatujauingiza.

Ungeweza kujaribu hivi. Dakika tano za mwisho wa kipindi, mara mbili kwa wiki, mtoto anatega jambo alilojiuliza mwenyewe, kwa mtindo ule ule. Darasa linakisia. Na wewe unakisia, na unakosea wakikuona. Wote mkishindwa, unatoa mji, na swali linaandikwa kwenye kona ya ubao mpaka atokee wa kulifumbua. Faida yake ni kwamba 87 wanaujua mchezo tayari, una zamu, na una neno la kunyamazisha na neno la kuanzia. Hatari zake zipo. Kitendawili kina jibu moja, maswali ya kweli mara nyingi hayana. Watoto wepesi wa ulimi watatega kila siku na wapole watabaki watazamaji, kwa hiyo uwe na orodha. Na siku moja atatega swali la dini au la mambo ya nyumbani kwa watu ambalo hukulitarajia. Hilo una haki ya kusema, "Hili kalitege kwa mama, au kwa ustadhi, au kwa padri." Kulipeleka swali panapostahili ni tofauti na kulizima.

Kuhusu swali lile la maji, nikupe ninachokijua, kisha ukahakikishe kwa wavuvi. Maji hayaendi popote pa siri. Mvuto wa mwezi, na kwa sehemu ndogo wa jua, huyainua maji ya bahari. Dunia inavyojizungusha, pwani yetu hupita kwenye maji yaliyoinuka, kwa kawaida mara mbili kwa siku. Yakipwa kwetu, yamejaa kwingine. Mwezi ukiwa mpevu au unapoandama, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, likaja bamvua, na hapa kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, yaani hupanda na kushuka kidogo tu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Ndiyo maana siku za bamvua bahari yetu huwa imekupwa karibu na saa nne asubuhi, watoto wakiwa mapumziko, na baada ya wiki moja, saa ile ile, utaikuta imejaa. Mtoto anayetazama bahari saa nne kila siku kwa wiki moja ameona kwa macho yake kile ambacho ungekichora kwa vipindi vitatu.

Baba yake mvuvi anayajua haya bila kitabu. Anahesabu tarehe za mwezi na kukwambia kesho maji yatatoka saa ngapi. Ungeweza kumwalika asimame mbele ya darasa kwa robo saa. Ingemjengea mwanawe heshima. Au ingemuumiza zaidi, kama bado anachekwa na ukamweka tena katikati ya ukumbi. Wewe ndiye unayeuona uso wake, mimi siuoni. Jambo moja tu ningekuomba uliangalie: usiwaagize watoto waende ufukweni peke yao kwa ajili ya somo. Mwenye bahari karibu atazame akiwa na mkubwa wake, asiye nayo asikilize.

Mwalimu wa taaluma usimchukie. Naye ana mtu anayempigia simu. Kelele za makombe zilimtisha kwa sababu hakujua kinachoendelea, na wewe uliyavumbua yote siku moja: ndoo, makundi, konokono, watoto 87. Hata mimi ningetoka ofisini. Unaweza kumwendea kabla, na andalio la somo mkononi, ukaonyesha shughuli imeandikwa humo na inagusa mada ipi. Kuna walimu huenda na hoja nzito zaidi, kwamba Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaja mambo matatu ambayo elimu yetu inapaswa kumjengea mtoto, na la kwanza ni akili ya kudadisi. Ni kweli alisema. Lakini ukianza na hoja hiyo mbele ya mtu mwenye hofu ya matokeo, ataona unamhutubia. Pengine uanze na dakika tano tu, na uahidi kwamba mwisho wa kila kipindi mstari utaandikwa daftarini: "Leo tulijiuliza..." Yule mzazi naye atauona.

Na je, ni kweli mtihani na udadisi ni maadui? Sina hakika. Mtoto aliyebishana kuhusu maji haisahau kesho yake mada ya maji. Ila nakubali kwamba muda ni mchache na mada ni nyingi, na atakayekwambia vinachukuana bila gharama hajawahi kusahihisha madaftari 87 usiku.

Kuna jambo dogo ambalo halihitaji ruhusa ya mtu. Mtafiti wa Kimarekani, Mary Budd Rowe, alipima miaka ya 1970 na hata kabla muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza. Akakuta ni kama sekunde moja tu, kisha mwalimu anamrukia mwingine au anajibu mwenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na maswali yao yakaongezeka. Hesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Ni ndefu, nakwambia! Mara ya kwanza niliona kama darasa zima linanisuta. Siku chache za mwanzo huenda usipate kitu, ukimya tu.

Nikuambie na somo langu moja, maana lilinigharimu nazi mbili tu. Niliingia darasani na nazi iliyofuliwa, nikaizungusha mkononi bila kusema. Nikauliza ina macho mangapi. Matatu, wakasema kwa pamoja. Nikauliza, mche hutokea jicho lipi? Kimya. Nikawaambia sijibu leo, kila mtu akaangalie kwao, na kila nyumba hapa ina nazi. Asubuhi nilikuta watoto mlangoni kabla ya kengele. Mmoja alikuja na kifuu mfukoni, ametoboa kwa msumari. Macho mawili yamekuwa magumu kama jiwe, moja limepenya laini. Wakabishana kama hilo laini ndilo la mche, mpaka akapatikana aliyekuja na nazi iliyoota, tukaipasua, tukafuata chipukizi mpaka kwenye jicho lake, na lile joya la ndani tukagawana. Nilikuwa na watoto zaidi ya 70. Kelele zilikuwepo, lakini za nyumbani kwao, kwa mama zao jikoni. Mama mmoja alikuja kulalamika kuhusu tui. Tukaelewana.

Kuhusu yule mtoto, njia ziko mbili ninazoziona. Unaweza kumwita pembeni ukamwambia taratibu kwamba siku ile hukujua jibu, na swali lake lilikuwa zuri. Hilo litabaki kati yenu, lakini jina la utani litaendelea. Au unaweza kusema mbele ya wote, "Mwezi wa pili nilitegwa kitendawili nikakataa kutoa mji." Darasa litaona mwalimu akirudi nyuma, na kwa wengine hilo litakuwa somo kubwa kuliko la maji. Kwa mtoto mwenye haya huenda ikawa fedheha ya pili. Ungemuuliza yeye anapenda ipi? Ana miaka kumi, anajiweza. Jina la Kupwa nalo lisiachwe hivi hivi. Liwe la heshima kama yeye mwenyewe analitaka, au likome.

Kuhama shule sikukatazi. Ila jiulize kama huko uendako hakuna monita anayeandika majina ubaoni.

Na binti yako anapouliza kwa nini mwezi unawafuata, unamjibuje, ukiwa umechoka, jiko linafuka na madaftari yanakusubiri? Nauliza kwa sababu huenda unafanya kitu pale nyumbani, bila kufikiri, ambacho darasani hujakijaribu.

Niandikie mwezi ukishaandama. Nataka kujua mtoto alichagua nini, na ulipotegwa, ulitoa mji gani.

Shangazi yako